Ajenda ya Tatu

Ajenda ya kwanza ilikuwa jezi, ya pili taa,
maana mnara wa kusini una balbu mbili zilizoungua
tangu Mfungo Mosi.
Ya tatu hatukuiandika.

Tulikuwa kwa Ghalib, Mabela, baada ya Isha.
Septemba, na kiyoyozi bado kinatokwa jasho
kwenye ndoo ya rangi.
Halua imeshakatwa, kahawa imezunguka mara mbili,
na Kocha Munsif yupo pale pale, kwenye zulia,
kaikunja miguu yake mirefu ya Sfaksi,
anangoja tufike kwenye ratiba ya mazoezi.

Ghalib akabadili lugha,
kama mtu anavyofunga mlango kwa kisigino,
huku tabasamu liko pale pale:
"Haya jamaa. Mkataba wa huyu unakwisha mwezi wa tano.
Tunamleta nani?"

Kiswahili chetu, wallahi!
Mama zetu walikuja nacho kutoka Wete na Ng'ambo,
kimefungwa kwenye kanga moja na mbuzi ya kukunia nazi.
Shuleni tulichekwa kwacho.
Nimebembelezwa kwacho, nimechapwa kwacho,
mke wangu huniamsha kwacho alfajiri.
Usiku ule tulikifanya pazia.

Msellem, mweka hazina, alikuwa na majina matatu
nyuma ya risiti ya petroli.
Mserbia: anataka nyumba, gari, na tiketi za watu watano.
Mreno aliyeshusha daraja timu mbili,
"lakini cheti chake," akasema Msellem, "kina muhuri wa dhahabu."
Na Yakubu wetu, Yakubu bin Zahran,
beki wa zamani, mwalimu wa michezo, goti bovu, mdomo mzito,
asiyeweza kumtoa mtoto uwanjani
kwa sababu anamjua bibi yake.

Tukabishana. Mimi naandika.
Tuliusema mpira wa Munsif kuwa ni wa kuoneana haya.
Tulizisema suruali zake.
Nilimtupia jicho mara moja tu:
anakula tende, kokwa anazipanga kwenye sahani,
nne nyuma, nne kati,
mbili mbele.

Kisha akasema,
kwa sauti ya Bi Ruzuna mfua jezi, Kipemba kitupu:
"Huyo ajaye, mwambieni kuhusu Hilali."

Kahawa ilimwagika. Sitasema ya nani.

"Mwaka wa tatu huu nakula chapati za yule mama," akasema.
"Mtu hali chapati miaka mitatu akabaki bubu."

Akaomba kalamu yangu. Radhi hakuomba, wala hakudai.
Akaandika, akisema kila anachoandika:
Hilali kafiwa na baba yake Shaabani;
asikaripiwe mpaka mwaka upinduke.
Kona ya kushoto, chini ya taa mbovu, ardhi inabonyea,
mtu wa mbio asipitishwe huko.
Kipa hutapika kabla ya kila mechi.
Si ugonjwa. Aachwe atapike.
"Na mchukueni Yakubu. Ila mpeni msaidizi mwenye ukali.
Mie ukali ninao, magoli ndiyo sina.
Hilo silibishi."

Ghalib akatafuta Kiarabu, kikamkimbia.
Akatafuta Kiswahili, akapata nusu:
"Kunywa kahawa, Munsif."

"Nishatikisa kikombe," akasema,
na kweli, kilikuwa kimelala kiganjani mwake,
kikavu.

Muhtasari niliupeleka kwa Kiarabu, kama inavyotakiwa:
jezi, taa.
Risiti ya petroli nilibaki nayo mpaka msimu uliofuata,
nikampa mwenyewe.

Ijumaa iliyopita nilimkuta Yakubu nyuma ya benchi.
Kipa kainama, anatapika.
Yakubu kampa mgongo, chupa ya maji mkononi,
anaitazama ile taa mbovu kama kwamba inawaka.