Pikapu Mbili

Kalunde alilileta limevikwa kitenge
kama anayepeleka mgonjwa Kitete,
akalilaza mezani kwangu, kati ya redio mbili
zilizosahauliwa na wenyewe tangu masika.
"Linanguruma," akasema. "Nikiligusa tu."

Besi ya babu yake, Kashindye wa Isevya,
aliyepiga kwenye bendi ya kiwanda cha nyuzi
enzi kiwanda kilipokuwa na nyuzi.
Sasa zimebaki hizi nne, na tatu zina kutu.

Nikawasha taa. Kifuniko cha pikapu ya nyuma
kimepata ufa, basi. Cha mbele kimeliwa.
Si panya, si jua. Dole gumba.
Miaka ishirini na minane limeketi pale pale,
Ijumaa, Jumamosi na Mei Mosi,
plastiki ikabonyea kama kiti cha fundi cherehani,
ikawa ganda la kitunguu,
mwisho ikatoboka,
na waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele,
ukawa unachungulia.

Nikapiga simu Kariakoo.
"Natafuta vifuniko vya pikapu."
"Pikapu gani, kaka? Datsun au Toyota?"
"Ya gitaa."
Akacheka mpaka salio langu likakata.

Siku ya tisa kifurushi kikashuka na basi la usiku,
kimezungushiwa gundi ya karatasi kama hirizi.
Viwili, vyeusi, vinang'aa, pacha.
Hapo ndipo kosa lilipolala:
pikapu hizi si pacha.
Ya nyuma imeizidi ya mbele
kwa unene wa njiti mbili za kiberiti.
Nilijua. Sikupima.
Kimoja kikaingia kama mguu kwenye kiatu chake.
Cha pili kikagoma mlangoni mwa shimo.
Nikasukuma kidogo, nikasikia *ta*,
nikaondoa mkono.
Fundi anajua *ta* ni shilingi ngapi.

Kwa Lutonja seremala, kule Cheyo,
niliokota kipande cha mninga, masalio ya kitanda cha harusi.
Nikakichimba kwa ncha ya kisu usiku mbili,
umeme ukikatika nachimba kwa tochi ya simu,
mpaka ukuta wake ukaanza kupitisha mwanga.
Matundu manane, mawili kwa kila uzi.
La tano nimelikosea kidogo. Usiliangalie sana.
Kisha nta ya Sikonge, ndani ya kopo la maziwa,
juu ya jiko la mchina,
nikazinywesha koili polepole zisije zikapiga kelele.
Duka zima likanuka mzinga.

Mzee akaja mwenyewe, nyuma ya bodaboda.
Hakusalimia meza. Alisalimia gitaa.
Akaweka dole juu ya mninga,
akaliondoa, akaliweka tena.
"Panateleza," akasema. "Una msasa?"

Akakaa juu ya dumu, besi magotini,
akasugua kuanzia adhuhuri hadi alasiri.
Anasugua, anapuliza, anajaribu dole,
anatikisa kichwa, anasugua.
Unga mwekundu ukamjaa kwenye nywele za mikono.
"Babu," Kalunde akasema, "nitakayepiga ni mimi."
"Najua."
Msasa ukaendelea.

Tulipochomeka waya, spika ilikaa kimya,
kimya kile cha mtu anayekusikiliza.
Kalunde akapiga uzi mnene, mara moja,
na skrubu zangu zikatembea kwenye sahani.
Nikatazama dole lake.
Halikukaa bondeni.
Lilikaa pembeni kabisa, kwenye ukingo
ambako msasa haukufika.

Mzee aliliona. Najua aliliona,
maana aligeuka upande wangu,
akanyoosha kidole kwenye zile redio:
"Hizi nazo, za nani?"

Jioni nikaandika kwenye daftari:
vifuniko viwili, kimoja cha dukani.
Nta, nusu kopo.
Msasa, kipande kimoja. Nikasita,
nikakifuta.