Mpima Daraja

Kazi yangu ni kituo cha karafuu, Konde.
Natia mkono guniani hadi kiwiko,
natoa konzi, naitikisa sikioni:
kavu hulia kama kokoto koponi,
mbichi hunyamaza.
Daraja la kwanza. La pili. La tatu.
Sijamuuliza mtu mkarafuu wake una kimo gani
wala nani aliyeanguka.

Mwanangu Mize alipimwa Dar es Salaam,
Jumamosi, saa tatu kasoro robo,
kwa penseli na saa ya ukutani.
Ada ilitakiwa kwa dola. Nikauza mbuzi wawili,
na pete ya mamaake ikalala kwa Bwana Sleyum.
Boti ilimtapisha tangu Mkoani hadi Malindi.
Karatasi ikamuuliza habari ya theluji iliyofunga barabara
na bibi mmoja aliyerithi piano.
"Piano niliielewa, baba," alisema.
"Theluji ndiyo iliyonila dakika nne."

Matokeo yakaingia kwenye simu ya jirani:
tarakimu nne tu, bila salamu.
Alipungukiwa na alama thelathini.
Thelathini!
Gunia likipungua hivyo mie husema:
lianike siku moja, urudi kesho.
Kule hakuna jua. Wala kesho.

Mwaka huu wameandika tena. Mtihani si lazima;
watamtazama mwombaji mwenyewe, alivyo.
Jirani akapiga vigelegele.
Mie nilikaa kimya, nikamkumbuka babu, Faki Shoka,
aliyeuza karafuu kabla mizani haijafika.
Mnunuzi alianza na uso,
akaja kwenye kanzu, akauliza jina la ukoo,
ndipo akakisia pishi.
Siku ilipoletwa mizani
babu aliinama akaibusu sahani yake.
Watu walicheka hadi machozi.

Sasa Mize ana fomu mapajani,
vidole vyeusi kwa kuchambua makonyo.
"Wanataka shughuli za nje ya darasa. Niandike nini?"
Nikamwambia: andika ulivyoanguka mkarafuuni
una miaka tisa, ukapanda tena kabla ya adhuhuri
mkono ukiwa umefungwa kwa kanga.
Akanitazama.
"Na hiyo, baba, wataipa daraja gani?"

Nilitafuta viatu vyangu.
Nje foleni ilishafika barabarani,
na mtu wa mwanzo keshafungua gunia.