Bomba la Wizi

Miaka ishirini naunga mabomba Ngamiani;
bomba la wizi nalijua hata gizani:
limepinda, lavuja kila kiungo, halina koki.

Leo, Bombo, Daktari Shemhilu kanichorea
mishipa iliyojifuma ndani ya uvimbe wa Mwajabu.
Nikacheka. Samahani, nilicheka:
mchoro ule, kazini kwetu, ni wa kutozwa faini.

"Dawa ikifika," akasema, "seli za ukutani huitema.
Za mshipa mzima hazina tabia hiyo.
Hizi zimelelewa na uvimbe."

Nani alizifundisha?
Hakunijibu. Akafunika kalamu.

Usiku namshika Mwajabu kiganja,
nahesabu mapigo chini ya kidole changu.
Huu mshipa mnyoofu. Huu haujaiba.
Spana imelala mfukoni, nzito,
haina nati ya kushika.