Niudai Mji Gani?

Mkataba nilitia, saini Chake Chakeni,
Gari nikaja pakia, Dari, kule bandarini,
Breki zikanikimbia, nikishuka Kitongani,
Mguu ukasalia: niudai mji gani?

Shaame alinambia, "Hapa hapa kisiwani,
Ndipo walipokujia, fomu zimo mkobani,
Hapa tunayo sheria, yetu, si ya Mrimani."
Lakini, nikamwambia, gari zao zi barani.

Wakili wao kaleta, barua yenye muhuri,
Kifungu nilichopita, sikukisoma vizuri,
Chasema, penye matata, Dari ndiko nisafiri.
Boti, ngazini nasita, gongo langu si hodari.

Wana gari mia nzima, zote zina nembo kuu,
Wametuma, kunizima, cherehani ya mguu!
Tulicheka, tukahema, hadi jirani wa juu
Akauliza kwa hima: "Mna nini, sikukuu?"

Mize kapiga hesabu, penye pakiti ya chai:
Boti, malazi, tabibu, wakili naye hadai?
Akanitupia jibu: "Karafuu hazizai.
Chake twenda taratibu, punda wa Faki yu hai."

Utingo ndiye shahidi, breki aliziripoti,
Kapewa sasa ahadi, usukani na mashati,
Simu zangu hazirudi, salamu, hana wakati.
Simlaumu zaidi: nami ningevaa shati.

Kesho twafungua Chake, muda usije kuisha,
Wakitaka wasikike, wavuke, waje kubisha,
Jaji ndiye atamke, kama hapa pametosha.
Mguu na ubweteke huko; gongo lakumbusha.