Joto la Kuazima

Julai, Bulongwa. Sakitu imelala
juu ya majani ya viazi.
Namgusa Mwendapole ndani ya sanduku lake la kioo:
baridi,
kama jembe lililosahauliwa shambani.

Nampigia Luvanda, bwana mifugo.
Anacheka hadi simu inakwaruza.
"Nyoka hana jiko tumboni, mama.
Joto lake la kuazima.
Siku ukimkuta ana moto kukuzidi,
siku hiyo niite."

Basi nachochea mkaa,
nasogeza sanduku, si karibu mno,
nangoja.

Saa nne jua linapanda ukutani.
Anajikunjua. Ulimi nje, ulimi ndani.
Anakizunguka kiganja changu
kilichotoka kusuuza masufuria
kwa maji ya bombani,

kisha anasita, nadhani,
kwa ubaridi wa vidole vyangu.