Nusu Pointi

Saa tisa na nusu usiku, nyuma ya soko la Bondeni,
upepo wa Menengai umeshuka hadi mlangoni
ukasimama hapo, ukaliogopa tanuri.
Ndani, mizani ya Bosibori haijui mzaha:
donge ni gramu mia nne na sitini.
Likipungua, anabandika kipande kama ukucha;
likizidi, anakwangua,
makwanguo anayatupa kwenye bakuli la bati.
"Moto una fungu lake," husema,
"na mteja ana mia nne zake."

Mimi ni wa trei na koleo refu.
Simu iko mfukoni mwa aproni,
na humo mfukoni, kwao bado ni jioni,
wanaume warefu wameanza kuruka.

Nimeweka elfu moja mia mbili kwa wenye kijani.
Si kwamba watashinda. Hilo hata mlinzi wa lango analijua,
na kinachojulikana na wote hakina faida.
Watu wa odi wamewatwika gunia kabla ya filimbi:
toa sita na nusu.
Wakishinda kwa saba, nimekula.
Wakishinda kwa sita, watakula wao, mimi nitaliwa.

Juzi nilimweleza Bosibori, mikono yake ikiwa mieupe hadi viwikoni.
"Hiyo nusu," akauliza, "inafungwaje?"
Nikacheka. Haifungwi, mama.
Tangu kikapu kitundikwe ukutani
hakuna aliyewahi kutia nusu ya mpira.
"Sasa inakaa wapi?"
Inakaa kwenye mkeka tu.
Akapangusa sahani ya mizani kwa kiganja.
"Basi ni ya mwenye duka."

Robo ya kwanza, nyuma kwa mbili. Natoa trei.
Robo ya pili, mbele kwa nne. Naingiza trei.
Ya tatu sikuangalia, Ondara alikuwa akipiga honi nje,
gari la Njoro limechelewa, gari la Molo halina taa,
na mikate kumi na miwili ikanigeukia rangi ya viatu.
Bosibori aliiona. Hakusema. Aliandika.

Halafu dakika moja imebaki, na sisi tuko mbele kwa kumi na moja!
Nikasema sisi. Mimi, ambaye sijawahi kuvaa kijani,
nisiyejua hata mji wao una mto au hauna.
Nikazigawa zile pesa: tokeni ya stima,
deni la Ondara, sketi ya shule ya Nasimiyu,
na kidogo cha kuweka tena.

Tisa. Sekunde mbili.
Kisha sita.

Sikuona. Picha hula bando, mimi huletewa tarakimu.
Lakini namjua, nimemtunga mwenyewe:
kijana wa akiba, jezi arobaini na nne,
walioshindwa wamemwingiza ili naye atoe jasho.
Kocha wake ameshageuka kupeana mikono.
Mpira umemfikia katikati ya uwanja,
akaurusha kama mtu anayetupa ganda la muwa,
hata hakungoja kuona.
Ukaingia. Tatu. Hazina kazi kwa yeyote pale.

Kule wanashangilia. Timu yangu imeshinda.
Katika wote walioitakia mema usiku huu
ni mimi niliyefungwa,
na aliyenifunga yuko bafuni sasa, anaoga,
anafikiria chakula.

Kumepambazuka. Magari yameondoka.
Bosibori ametoa tanurini ule mkate wa makwanguo,
uliopinda, usio na karatasi wala bei,
unaookwa kila alfajiri kutokana na vilivyozidi.
Akaumega kwa mikono.
"Shika nusu," akasema,
na mvuke ukanipiga usoni.

Simu ikatetemeka pajani.
Kesho, wenye kijani ugenini: toa nne na nusu.
Mkate ulikuwa wa moto.
Niliula huku nikisoma.