Maini

Mnadani Bahi, Ndahani aliagiza nyama,
tukachovya chumvi sahani moja.
Nikasukuma maini upande wake.
Akayarudisha upande wangu.
Tukacheka, kisha kicheko kikakauka.

"Kwenu hamli?"
"Hatuli. Nanyi?"
Nzi ndio walioshiba.

Kijiji chetu: kaya arobaini, kisima kimoja,
kila mlango ni wa shangazi.
Mama hakuuliza sura yake, wala ng'ombe wa kwao.
Aliuliza mwiko.

Siku hizi Ndahani namwita kaka,
naye huitika akitazama mbuzi.

Niliolewa Manyoni, kusikojulikana hata kikohozi changu,
kwa mtu alaye maini.
Nampikia, chumvi nakisia, sionji.
Mwanetu hufuata mwiko wa babaye:
anatafuna, mashavu yanang'aa mafuta,
mgeni niliyemzaa mwenyewe.